Kwa Nini Watu Huwa Wauguzi, na Kwa Nini Hubaki



Majarida ya kumbukumbu yana kawaida ya kuwataja walioanzisha, waliojenga na waliotoa fedha. Ni haki yao. Lakini wako watu ambao karibu kila mkazi wa kambi hii amepita mikononi mwao, tangu mtoto aliyezaliwa juzi hadi mzee aliyefika mwaka 1994 akiwa na fundo la nguo kichwani, na ambao majina yao hayakuandikwa kwenye kibao cha jengo lolote. Hao ni wauguzi na wakunga. Kamati imeona vema kurasa hizi ziwe zao.

Iko sababu ya pili. Vijana wetu wanaomaliza sekondari wanauliza kama uuguzi ni kazi ya kufuatwa. Wazazi wamegawanyika. Wako wanaosema ni wito, na mwenye wito haulizi mshahara. Wako wanaosema ni kazi ya kujichosha bure, afadhali mtoto afungue duka. Hatuwezi kuwajibu kwa maneno matamu tu. Tumeona tuitazame historia: ya nchi tulizotoka, ya Malawi iliyotupokea, na ya Dzaleka yenyewe. Maswali yetu ni mawili. Mtu huingiaje katika kazi hii? Na akishaingia, akaona damu, zamu za usiku na mshahara mdogo, ni kitu gani humfanya abaki?

NENO LENYEWE

Kiswahili kinatusaidia kuanza. Muuguzi ametokana na kuuguza, na kuuguza kumetokana na kuugua. Anayeugua ni mgonjwa. Anayeuguza ni yule anayekaa naye, anayemgeuza kitandani, anayemwosha na kumlisha. Kabla ya hospitali kuwapo, kazi hiyo ilifanywa nyumbani na mama, shangazi, dada au jirani. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeulizwa kwa nini anaifanya. Ilikuwa sehemu ya undugu.

Wenyeji wetu wa Malawi humwita namwino. Ndugu zetu wa Rwanda husema umuforomo, na wa Burundi umuforoma, maneno yaliyotokana na Kifaransa, kwa kuwa kazi hiyo katika sura yake ya shule ililetwa na Wabelgiji. Huko Kongo mashariki, mtu huyo huyo mara nyingi huitwa muganga, sawasawa na daktari, kwa sababu katika vijiji vingi hakuna daktari mwingine zaidi yake.

Majina haya yanaonyesha asili mbili za kazi moja. Moja imetoka nyumbani, nyingine imetoka shuleni na serikalini. Muuguzi anafanya kwa mgeni asiyemjua kile ambacho zamani kilifanywa na ndugu, na anakifanya kwa zamu, kwa kanuni na kwa mshahara. Wagonjwa humtaka awe na moyo wa mama. Mwajiri humtaka awe na nidhamu ya askari. Ugumu mwingi wa kazi hii umo hapo.

MILANGO WALIYOINGILIA

Wengi wetu hapa kambini hushangaa wanapoona jinsi Malawi wauguzi walio wengi ni wanawake, na Wamalawi nao hushangaa wanapoambiwa kuwa Mkongo fulani mwanamume mwenye ndevu ni muuguzi kwa kazi yake. Historia inaeleza jambo hili. Wakati wa ukoloni, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki na Kongo, Waafrika wa kwanza kufundishwa kazi ya hospitali walikuwa wanaume. Tanganyika waliitwa dresa, yaani wafunga vidonda. Katika Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi walifundishwa wauguzi na wasaidizi wa daktari. Shule ya Astrida, mji unaoitwa leo Huye na ambao wengi wetu tuliujua kwa jina la Butare, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilikuwa na tawi la wasaidizi wa daktari. Kwa kijana wa enzi hizo, hiyo ilikuwa mojawapo ya njia chache sana za kusoma zaidi ya shule ya msingi. Hakuingia kwa sababu alipenda harufu ya dawa. Aliingia kwa sababu mlango wa uanasheria na wa udaktari ulikuwa umefungwa kwa mtu mweusi, na huu ulikuwa wazi.

Lakini tazameni lililofuata. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Machafuko yalipoanza mwezi uliofuata, madaktari wengi wa Kibelgiji waliondoka. Waliobaki katika hospitali na zahanati ni wale wale wauguzi na wasaidizi wa daktari. Waliendelea kuzalisha, kuchoma sindano, na wengine kupasua. Baadhi ya wasaidizi hao walipelekwa Ufaransa kumalizia masomo, wakarudi wakiwa madaktari. Mtu aliyeingia kwa kukosa mlango mwingine ndiye aliyeshikilia nyumba isianguke.

Kwa wanawake njia ilikuwa tofauti. Huko Ulaya, kazi ya kuuguza hospitalini ilidharauliwa hadi katikati ya karne ya 19. Mzazi mwenye heshima zake hakumruhusu binti yake. Mwingereza Florence Nightingale, aliyezaliwa mwaka 1820, alikwenda na wanawake 38 kuuguza askari katika hospitali ya Scutari, Uturuki, mwaka 1854. Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa London. Pamoja na usafi na hesabu za vifo alizozipenda sana, alifanya jambo moja la kijamii: aliifanya kazi hii iwe na bweni, sare na nidhamu, hata wazazi wakakubali. Wamisionari waliupeleka mtindo huo Afrika. Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo wazee wa pwani waliijua kwa hospitali yake ya Mkunazini, Unguja, ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa na kituo chake kikuu katika kisiwa cha Likoma, Ziwa Nyasa. Hivyo Zanzibar na Malawi zimepakana katika historia hii kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani.

Malawi huru iliendeleza kazi hiyo. Hospitali za makanisa zilikuwa na shule zake, kama ile ya Nkhoma, si mbali na Lilongwe. Mwaka 1979 kilianzishwa Chuo cha Uuguzi cha Kamuzu kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Malawi, na makao yake yakawa Lilongwe. Mwaka 2021 kiliunganishwa na Chuo cha Udaktari cha Blantyre, vikawa Chuo Kikuu cha Kamuzu cha Sayansi za Afya. Kutoka chuo hicho cha Lilongwe aliinuka Address Malata, mkunga kwa taaluma yake, aliyekuwa mkuu wa chuo hicho na baadaye makamu mkuu wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Malawi. Tunamtaja ili mabinti zetu wajue kuwa njia inayoanzia katika chumba cha kujifungulia inaweza kufika mbali.

Ukiwauliza wauguzi wa leo, milango ni ile ile. Wako walioingia kwa kutafuta ajira ya uhakika. Wako waliosukumwa na mjomba au shangazi aliyekuwa hospitalini. Wako waliouguza mzazi hadi mwisho, wakasema sitaki mwingine afe kwa kukosa mtu wa kumwangalia. Wako waliovutiwa na sare nyeupe tu. Hatuoni aibu kuyasema haya, kwa sababu mlango mtu alioingilia hautuambii kama atabaki. Aliyekuja kwa wito anaweza kuondoka baada ya mwaka mmoja, na aliyekuja kwa ajili ya mshahara anaweza kuzeekea wodini.

KUBAKI WAKATI WA HATARI

Wengi wetu tumetoka katika nchi ambako swali la kubaki halikuwa la mshahara bali la uhai.

Mwaka 1976, katika hospitali ya misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire, ulizuka ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola kwa jina la mto. Waliougua ni 318, waliokufa ni 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali hiyo, 11 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kuwa kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba matano ya sindano kwa wagonjwa wote wa siku hiyo, nayo yalisuuzwa tu kati ya mgonjwa na mgonjwa. Masista na wauguzi wale hawakukosa moyo. Walikosa sindano. Na kwa kukosa sindano, mikono iliyokusudia kuponya ilieneza kifo.

Mwaka 1995 Ebola ilirudi, safari hii mjini Kikwit. Waliougua walikuwa 315, na karibu robo yao walikuwa wahudumu wa afya. Masista sita kutoka Italia, waliokuwa wameishi na Wakongo miaka mingi, walikufa mmoja baada ya mwingine kwa kuwa hawakuwaacha wagonjwa wala hawakuachana wao kwa wao.

Mwaka 2000 ilikuwa zamu ya Gulu, Uganda kaskazini. Watu 425 waliugua na 224 walikufa. Katika hospitali ya Lacor, Dakta Matthew Lukwiya alianzisha wodi ya pekee, na wauguzi waliohudumu humo walijitolea wenyewe. Mwishoni mwa Novemba, vifo vya wenzao vilipofuatana, wafanyakazi walichoka na kuogopa, wakataka hospitali ifungwe. Dakta Lukwiya aliitisha mkutano. Hakuwatukana, wala hakuwaambia kuwa wamekosa imani. Aliwaacha huru kuondoka, ila yeye atabaki. Wengi walibaki naye. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba mwaka huo.

Tunajifunza nini? Kwamba watu hubaki pale ambapo kiongozi wao anabaki. Muuguzi anayeona mkubwa wake anavaa glavu na kuingia naye wodini ana sababu ya kuingia. Anayeona mkubwa wake anatuma amri kwa simu kutoka mjini, sababu hiyo inapungua.

Tena ziko hatari za binadamu. Rwanda mwaka 1994 wahudumu wengi wa afya waliuawa au walikimbia pamoja na wananchi wengine. Mwezi Julai mwaka huo, wakimbizi waliofurika Goma walipigwa na kipindupindu na kuhara damu, na takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wauguzi wakimbizi walisimama kwenye mahema ya matibabu bega kwa bega na wageni, ingawa nao walikuwa na maiti zao za kuzika. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, Kivu Kusini, ilishambuliwa. Wagonjwa na wauguzi waliuawa vitandani na kazini. Wako wasomaji wa jarida hili waliokuwa karibu na mahali hapo. Hatutaki kufufua vidonda. Tunataka tu kusema kwamba katika miaka hiyo, muuguzi aliyebaki kituoni aliwahudumia watu wa kabila lake na wasio wa kabila lake, na hicho ni kipimo cha kazi hii ambacho kambi yenye mataifa mengi kama yetu inapaswa kukienzi.

KUONDOKA KWA SABABU NYINGINE

Sasa tuje Malawi. Hapa hakukuwa na vita, lakini wauguzi waliondoka kwa wingi.

Katika miaka ya 1990 ukimwi ulijaza wodi za Lilongwe na Blantyre. Wauguzi waliwauguza wagonjwa wasiokuwa na dawa ya kuwapa, na wengi wao waliugua na kufa. Mshahara ulikuwa mdogo. Wakati huo huo hospitali za Uingereza zilikuwa zinatafuta wauguzi, na Wamalawi waliosomea kazi hiyo kwa Kiingereza waliweza kupokelewa huko. Tangu mwaka 2000 mamia waliondoka. Kufikia mwaka 2004 karibu theluthi mbili ya nafasi za wauguzi katika hospitali za serikali zilikuwa wazi. Hospitali ya Lilongwe iliyojulikana kwa jina la Bottom, ambayo leo ni Bwaila, ilikuwa ikizalisha watoto zaidi ya 10,000 kwa mwaka, na wakunga waliokuwapo zamu moja walihesabika kwa vidole.

Je, walioondoka walikosa wito? Ndivyo walivyolaumiwa na wengine. Sisi hatuoni hivyo. Mkunga anayesimamia kina mama wengi peke yake usiku kucha, akaona mmoja anakufa akiwa yeye ameshika mwingine, huumia kuliko mtu mzembe. Mzembe anaweza kustahimili hali hiyo miaka 20. Mwenye kuipenda kazi yake ndiye anayevunjika.

Serikali ya Malawi ililitambua hilo. Mwaka 2004, kwa msaada wa Uingereza na Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria, ilianza mpango wa dharura wa watumishi wa afya. Mishahara ya makundi yaliyochaguliwa, wauguzi wakiwemo, iliongezwa kwa asilimia 52. Vyuo vilipanuliwa na walimu wakaongezwa. Katika miaka mitano idadi ya watumishi wa makundi hayo iliongezeka kwa zaidi ya nusu, na kasi ya wauguzi kuhamia nje ilipungua. Mwaka 2011 Malawi ikawa nchi ya kwanza duniani kumpa kila mama mjamzito mwenye virusi vya ukimwi dawa za maisha yote mara anapopimwa, bila kungoja vipimo vingine vya maabara. Mpango huo ulifika vijijini kwa sababu kulikuwa na muuguzi wa kumpa mama dawa hizo katika kliniki ya wajawazito. Wasingekuwapo, ungebaki kwenye karatasi.

Hata hivyo tatizo halikuisha. Baadaye ilitokea kinyume chake: mamia ya wauguzi waliohitimu walikaa nyumbani bila ajira kwa kuwa serikali haikuwa na fedha za kuwalipa, huku wodi zikiwa na upungufu ule ule. Ndipo kikaja kipindupindu cha mwaka 2022 na 2023, kikali kuliko vyote vilivyowahi kuipata Malawi. Waliougua ni zaidi ya 58,000 na waliokufa ni zaidi ya 1,700. Wauguzi wale wale wachache walirudi kulala vituoni.

Ulimwengu mzima una shida hiyo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2020 kuwa dunia ilikuwa na wauguzi karibu milioni 28, na pungufu ya karibu milioni 6, wengi wao wakihitajika katika nchi maskini. Mwaka 2022 muuguzi wa Marsabit, Kenya, Anna Qabale Duba, alipewa huko Dubai tuzo ya dola 250,000 kwa kazi yake ya kuelimisha wafugaji wa kijiji chake. Tulifurahi. Lakini tuzo ni ya mmoja. Waliobaki wanahitaji mshahara unaofika mwisho wa mwezi.

DZALEKA

Kabla ya sisi, Malawi ilikwisha kuwapokea wakimbizi wa Msumbiji, zaidi ya milioni moja kufikia mwaka 1992. Mwaka 1990, njugu zilipokosekana katika mgao na watu wakala unga wa mahindi karibu peke yake, ulizuka ugonjwa wa pelagra. Zahanati za kambini ziliandika karibu wagonjwa 18,000, wenye ngozi iliyobabuka shingoni na mikononi. Daftari za zahanati, zilizojazwa mstari kwa mstari, ndizo zilizoonyesha kuwa kosa lilikuwa katika chakula. Tunawakumbusha vijana wetu wanaoona kujaza daftari ni kazi ya bure: daftari ile ilisema jambo ambalo mgonjwa mmoja mmoja asingeweza kulisema.

Msumbiji ilipopata amani Oktoba 1992, wale ndugu walianza kurudi kwao. Mwaka 1994 sisi tukaanza kuja, kutoka Rwanda, Burundi na Zaire. Tulipewa Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Mahali hapa palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika utawala wa Rais Kamuzu Banda. Kambi ilipangwa kwa watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo tumezidi 50,000. Kituo chetu cha afya kinatuhudumia sisi na wananchi wa vijiji jirani kwa foleni moja, dawa zile zile na muuguzi yule yule.

Muuguzi anayepangiwa Dzaleka hupata mzigo wa ziada ambao chuo hakikumfundisha. Yeye anasema Kichewa na Kiingereza. Mgonjwa anasema Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi au Kisomali. Katikati yao husimama mkalimani, naye mara nyingi ni kijana wetu wa posho ndogo. Mama anapaswa kueleza maumivu ya siri mbele ya kijana wa jirani yake. Muuguzi anapaswa kujua kama jibu fupi alilopewa ndilo jibu refu alilosikia. Wauguzi wanaobaki hapa miaka mingi, na tunao, ni wale waliojifunza maneno yetu machache: pole, inauma wapi, tangu lini. Hayo maneno matatu yameleta watu wengi kituoni kuliko mikutano mingi ya hamasa.

Tena uko mzigo wa rufaa. Hospitali za Malawi hutegemea sana ndugu wa mgonjwa, wale ambao Wamalawi huwaita odikirira, yaani wanaongoja. Hao ndio wanaopika, wanaofua na wanaomgeuza mgonjwa, kwa kuwa muuguzi mmoja ana vitanda vingi. Mkimbizi anayepelekwa Hospitali Kuu ya Kamuzu, Lilongwe, bila ndugu wa kumfuata hulala kama yatima. Wauguzi wa Lilongwe wamekuwa ndugu wa watu wetu wengi kwa siku hizo. Na akina mama wa kambi hii wanaochangishana nauli ili mmoja aende kumngojea jirani yake wanafanya uuguzi wa asili, ule wa kabla ya shule. Nao tunawashukuru.

Jambo la mwisho ni la uchungu. Miongoni mwetu wamo wauguzi waliosoma Bukavu, Uvira, Bujumbura na Kigali. Wengine wana vyeti. Vya wengine viliungua pamoja na nyumba. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti juu ya baadhi ya vifungu, kikiwemo cha ajira ya mshahara. Na mtu yeyote anayetaka kuuguza Malawi lazima aandikishwe na Baraza la Wauguzi na Wakunga, ambako lugha ya kazi ni Kiingereza. Sheria ya kuandikishwa ni nzuri. Hakuna anayetaka achomwe sindano na mtu asiyejulikana alisoma wapi. Lakini matokeo yake ni kwamba mkunga aliyezalisha mamia anauza nyanya sokoni, hatua chache kutoka foleni ya wajawazito. Kila mwaka unaopita mikono yake inasahau.

Hao nao wamebaki katika kazi yao kwa namna yao. Mtoto akishikwa na degedege usiku, mlango unaogongwa ni wao. Wanajua hawaruhusiwi kutibu, kwa hiyo wanampoza mtoto, wanawatuliza wazazi, wanawasindikiza hadi kituoni. Halipwi mtu kwa hilo. Tukiulizwa kwa nini mtu hubaki muuguzi hata alipoondolewa sare, mshahara na cheti, jibu letu ni hili: kwa sababu watu bado wanamjua hivyo. Mtu akishakuwa yule anayegongewa mlango usiku, ni vigumu kuwa mwingine.

TUNAYOYAOMBA

Historia hii imetupa jibu la maswali yetu mawili. Watu huingia uuguzi kwa sababu nyingi, na hakuna iliyo ya aibu. Hubaki kwa sababu chache: wanaposhirikiana na wenzao wasiowakimbia, wanapokuwa na vifaa vya kufanya kile walichofundishwa, wanapolipwa kiasi cha kulisha watoto wao, na wanapoheshimiwa na wale wanaowahudumia. Wito ni mbegu. Mbegu bila maji haioti, na asiyemwagilia hana haki ya kuilaumu.

Kwa hiyo, vijana, msiogope kazi hii, wala msiidanganye mioyo yenu. Someni Kiingereza na sayansi kwa bidii. Jifunzeni Kichewa, kwa kuwa ndicho lugha ya wagonjwa walio wengi nchini humu.

Ndugu zetu wa serikali na mashirika, tunaomba wauguzi wakimbizi walioko kambini wahesabiwe, vyeti vyao vitazamwe, na wasaidiwe kufikia mtihani wa Baraza. Wakalimani na wahamasishaji wa afya wapewe mafunzo na posho inayolingana na kazi. Msituambie kuwa ni kazi ya kujitolea pale inapokuwa kazi ya kila siku.

Na sisi wakazi, tuache matusi dirishani. Dawa zikikosekana, aliyezikosesha si yule dada aliyesimama mbele yetu tangu asubuhi. Mpe salamu kwanza, ndipo umweleze shida yako. Ukipona, rudi useme zikomo. Wauguzi hutuona tukiwa wagonjwa tu. Ni mara chache mno hutuona tukiwa wazima.

Kwa wauguzi na wakunga wote wa Dzaleka, Dowa na Lilongwe, walio zamu na waliopumzika, wenye sare na walionyimwa, kamati kwa niaba ya wakazi wote inasema: asanteni, murakoze, zikomo kwambiri.